MGENI SIKU MBILI: SOMO JUU YA MIKATABA YA SIMU NA HAKI YA MTEJA WA SIKU NYINGI

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ilikusudiwa kumfunza mgeni adabu, asije akawaelemea wenyeji wake. Katika biashara ya simu za mkononi methali hiyo inatumika pia, lakini kwa namna ambayo wahenga hawakuikusudia. Mteja anapoingia mlangoni kwa mara ya kwanza hukirimiwa: hupewa simu mpya kwa bei ndogo, huongezewa muda wa maongezi, na huambiwa maneno matamu. Akisha kuwa mwenyeji, jembe huwekwa mkononi mwake, na mazao ya jembe hilo ndiyo yanayomkirimu mgeni mwengine anayefuata.

Somo la leo linakusudia kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla namna mikataba ya simu inavyotengenezwa, gharama za kubadilisha simu zinavyohesabiwa, na sababu inayomfanya mteja wa siku nyingi aweze kulipa zaidi kuliko aliyeingia jana. Tutatoa mifano ya Marekani na Uingereza, ambako mikataba hii imeenea na mambo yake yamejadiliwa hadharani, kisha tutarejea hapa kwetu.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya Ulaya na Marekani, na kwamba sisi hapa Visiwani tunanunua vocha, tunajiunga na kifurushi, na kikisha tunanunua chengine. Hatuna mkataba wa miaka na mtu. Kauli hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, mkataba wa simu hutufikia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni jamaa zetu wanaoishi nchi za nje. Hao hutia saini mikataba ya miaka miwili au mitatu, na mara nyingi simu iliyotumika huko ndiyo inayoletwa nyumbani kuwa zawadi. Ikiwa simu hiyo imefungwa kwa mtandao wa huko, au deni lake halijamalizika, anayeipokea hapa hubaki na chombo kizuri kisichokubali laini yake.

Njia ya pili ni simu za mkopo, ambazo mnunuzi hutoa kianzio kisha akalipa kidogo kidogo kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Huo ni mkataba kamili, hata kama aliyeutia saini alidhani amenunua simu tu.

Njia ya tatu ni maofisi yanayolipia laini kwa ankara ya kila mwezi. Ankara huja, hupitishwa na hulipwa, na miaka hupita bila ya mtu kuuliza mkataba ule ulimalizika lini na unalipia kitu gani. Hapo inayopotea si fedha ya mtu mmoja bali ni fedha ya umma.

BEI MBILI NDANI YA BEI MOJA

Jambo la kwanza la kulifahamu ni kwamba mkataba wa simu aghlabu huwa na bei mbili zilizofungwa katika furushi moja. Kuna bei ya chombo, yaani simu yenyewe, na kuna bei ya huduma, yaani maongezi, ujumbe na intaneti. Bei ya chombo ina mwisho; ikisha kulipwa imekwisha. Bei ya huduma haina mwisho maadamu mteja anatumia laini. Zikitajwa pamoja kama kiwango kimoja cha mwezi, mteja hawezi kuona ni ipi iliyokwisha na ni ipi inayoendelea.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mtu anayeishi Uingereza ametia saini mkataba wa miezi 24 kwa paundi 40 kwa mwezi. Tuseme katika hizo 40, paundi 15 ni za huduma na paundi 25 ni za simu. Baada ya miezi 24 atakuwa amelipia simu paundi 600, nayo ni mali yake. Ikiwa mwezi wa 25 atalipa tena paundi 40, basi paundi 25 miongoni mwa hizo zinalipia simu ambayo tayari ni yake. Akiendelea hivyo mwaka mmoja atakuwa ametoa paundi 300 bila ya kupata kitu. Mtu huyo hakuibiwa mfukoni, wala hakudanganywa kwa neno la uongo. Alisahau tarehe tu, na wala kampuni haikuwa na haja ya kumkumbusha.

MFANO WA MAREKANI

Nchini Marekani, kwa miaka mingi, kampuni za simu ziliuza simu kwa bei iliyopunguzwa sana kwa sharti la mteja kufungamana nazo kwa miaka miwili. Punguzo hilo lilikuwa ni mkopo usiotajwa jina, na kampuni iliurejesha polepole kupitia malipo ya kila mwezi.

Ubaya wa utaratibu huo ulidhihirika mwezi wa Juni 2009. Wakati huo simu ya iPhone iliuzwa nchini humo kupitia kampuni moja tu, AT&T. Mwezi wa Julai 2008 ilikuwa imetoka iPhone 3G kwa dola 199 kwa mkataba wa miaka miwili, na watu wengi walijiunga. Ulipofika Juni 2009 ikatangazwa simu mpya zaidi, iPhone 3GS. Mteja mpya aliuziwa kwa dola 199, na ile yenye nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhia kwa dola 299. Wengi miongoni mwa wale waliojiunga mwaka uliotangulia, na ambao walikuwa wakilipa kila mwezi bila ya kukosa, waliambiwa walipe dola 399 au 499 kwa simu zile zile.

Malalamiko yalikuwa makubwa. Mtu aliyekuwa mteja kwa mwaka mzima alitakiwa atoe dola 200 zaidi ya jirani yake ambaye hajawahi kuipa kampuni ile hata senti moja. Kwa insafu, hoja ya kampuni nayo ielezwe: punguzo la simu ya kwanza lilikuwa halijarejea, kwa kuwa mkataba ulikuwa bado haujafika hata nusu. Kwa hesabu, hoja hiyo ilikuwa na ukweli wake. Kasoro ni kwamba mteja wakati wa kutia saini hakuonyeshwa hesabu hiyo. Aliambiwa bei ya simu ni dola 199, naye akaamini kwamba hiyo ndiyo bei. Hakujua kuwa amekopa.

Tarehe 17 Juni 2009, siku mbili kabla ya simu hiyo kuanza kuuzwa, kampuni ililegeza masharti. Wateja ambao zamu yao ya kubadilishiwa simu ingefika Julai, Agosti au Septemba ya mwaka huo walikubaliwa kupata bei ya mteja mpya. Wengine walibaki na bei ya juu. Tukio hilo lina mafunzo mawili: kwamba sauti ya wateja ikiungana husikilizwa, na kwamba aliyesikilizwa ni yule tu ambaye tarehe ya uhuru wake ilikuwa karibu.

Gharama ya kuvunja mkataba nayo ilikuwa kubwa. Mwezi wa Novemba 2009 kampuni ya Verizon ilipandisha fidia ya kuvunja mkataba wa simu za kisasa kutoka dola 175 hadi dola 350, ikipungua dola 10 kwa kila mwezi uliotimizwa. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: mteja aliyetimiza miezi 23 katika 24 alikuwa amepunguziwa dola 230, na bado alidaiwa dola 120 ili auache mwezi mmoja uliobaki. Mwezi wa Disemba mwaka huo chombo cha Serikali kinachosimamia mawasiliano, FCC, kiliitaka kampuni hiyo itoe maelezo.

Ikaongezwa pia ada ya kubadilishia simu, ambayo haikuwa bei ya chombo wala bei ya huduma. Mwaka 2012 AT&T iliipandisha ada hiyo kutoka dola 18 hadi 36, na mwaka huo huo Verizon ikaanza kutoza dola 30 kwa mteja wake anayechukua simu mpya.

Mwaka 2013 kampuni ya T-Mobile ilitangaza kuachana na mikataba ya miaka miwili, ikatenganisha bei ya simu na bei ya huduma. Verizon ilifuata kwa wateja wapya mwaka 2015, na AT&T mwezi wa Januari 2016. Watu wengi walidhani kwamba kifungo kimekwisha. Lakini kifungo kilibadilika sura tu. Kufikia mwaka 2022 kampuni za AT&T na Verizon zilikuwa zikiuza simu kwa mafungu ya miezi 36, na punguzo la simu hutolewa kidogo kidogo katika kila ankara. Kwa mfano wa kufundishia, simu ya dola 1,080 hugawanywa kuwa dola 30 kwa miezi 36, na kampuni hurejesha dola 30 kila mwezi, hivyo huitwa simu ya bure. Mteja akiondoka baada ya miezi 12, punguzo husimama na deni lililobaki, yaani dola 720, hudaiwa. Hakuna tena neno «fidia» katika karatasi, lakini mfuko wa mteja hauoni tofauti.

MFANO WA UINGEREZA

Nchini Uingereza mjadala ulijikita katika mteja anayebaki baada ya mkataba wake kumalizika. Mwaka 2017 taasisi ya ushauri kwa raia, Citizens Advice, ilieleza kwamba baadhi ya kampuni kubwa za simu ziliendelea kuwatoza wateja bei ya simu ambazo tayari walikuwa wamezilipia, na kwamba ziada hiyo ilikuwa kwa wastani paundi 22 kwa mwezi. Mwezi wa Septemba 2018 taasisi hiyo ilipeleka shitaka maalumu mbele ya mamlaka ya ushindani, CMA, juu ya kile walichokiita adhabu ya uaminifu. Shitaka hilo lilihusu biashara tano, nazo ni simu za mkononi, intaneti ya majumbani, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba na akiba za benki. Hasara ya wateja wa siku nyingi katika biashara hizo ilikisiwa kuwa paundi bilioni 4.1 kwa mwaka.

Msomaji azingatie jina hilo: adhabu ya uaminifu. Katika mila zetu mtu mwaminifu hulipwa wema. Muuza duka wa mtaani humkopesha mteja wake wa kila siku na humwekea akiba ya sukari inapoadimika. Kampuni kubwa haina uso wa kumwona mteja wala moyo wa kumkumbuka. Ina daftari tu, na katika daftari hilo mteja aliyetulia ni yule ambaye hapana haja ya kutumia fedha ili asiondoke.

Hatua zilizochukuliwa baadaye nchini humo zinafaa kujulikana, khasa kwa wenye jamaa huko:

(a) Kuanzia tarehe 1 Julai 2019, mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake kwa kutuma ujumbe mfupi tu, bila ya kulazimika kuzungumza na kampuni anayoiacha.

(b) Kuanzia tarehe 15 Februari 2020, kampuni inalazimika kumjulisha mteja kati ya siku 10 na 40 kabla ya mkataba wake kumalizika, na kumweleza bei zake nzuri zaidi zilizopo. Aliyekwisha maliza mkataba hujulishwa kila mwaka.

(c) Kuanzia mwezi wa Disemba 2021, kampuni haziruhusiwi kuuza simu zilizofungwa kwa mtandao mmoja.

(d) Kuanzia tarehe 17 Januari 2025, mikataba mipya hairuhusiwi kuwa na nyongeza ya bei inayofungamanishwa na mfumko wa bei usiojulikana. Nyongeza yoyote hapana budi itajwe tangu mwanzo kwa paundi na senti zake.

Sharti hilo la mwisho lina sababu. Mwaka 2023 kampuni kadhaa zilipandisha malipo ya wateja waliokuwa ndani ya mkataba kwa asilimia 14.4, kwa kutumia kifungu kilichosema mfumko wa bei pamoja na asilimia 3.9. Mteja alikuwa amefungwa asiondoke, lakini bei haikufungwa isipande.

SABABU ZA HALI HII

Ni makosa kudhani kwamba kampuni za simu zina chuki na wateja wao wa zamani. Sababu ni za kibiashara na ni rahisi kuzifahamu.

Kwanza, katika nchi ambayo karibu kila mtu mzima ana simu, mteja mpya hupatikana kwa kumtoa kwa mwenzako. Hivyo kampuni hutumia fedha nyingi kumvuta, na fedha hizo hutoka kwa wale ambao tayari wamo ndani.

Pili, watu wengi huchoka au huogopa kuhama. Wengine hawana muda. Wengine, khasa wazee, huona maneno ya mikataba ni magumu. Kampuni inajua kuwa mteja huyo hatoondoka, na bei humfuata yule asiyeondoka.

Tatu, namba ya simu ni kama anwani ya mtu. Pale ambapo kuhama maana yake ni kupoteza namba, mteja hufungika hata bila ya mkataba. Ndiyo maana haki ya kuhama na namba ni silaha kubwa ya mteja. Marekani ilianza kuitoa haki hiyo kwa simu za mkononi mwezi wa Novemba 2003.

HALI YA HAPA KWETU

Huduma ya simu za mkononi ilianza Tanzania mwaka 1994, na hapa Zanzibar kampuni ya Zantel iliundwa mwaka 1999. Mawasiliano ya simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, nayo yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 mtumiaji wa simu nchini ana haki ya kuhama mtandao mmoja kwenda mwengine bila ya kubadili namba. Anayehama humwendea wakala wa mtandao anaoutaka, si wa mtandao anaouacha. Yafaa akumbuke kutumia salio lake na kutoa fedha zilizomo katika akaunti ya simu kabla ya kuhama, kwani salio halihami pamoja na namba.

Mfumo wetu wa kulipa kabla ya kutumia una kinga yake: asiyeridhika leo anaweza kuacha kesho. Lakini hata hapa sauti ya wateja ina kazi yake. Mwezi wa Aprili 2021, viwango vipya vya vifurushi vilipoanza kutumika, wananchi walilalamika kwa wingi, na Serikali ikaamuru vilivyotangulia virejeshwe. Mteja asidhani kwamba malalamiko yake ni kelele za bure.

Panapohitaji hadhari zaidi ni katika simu za mkopo. Utaratibu huu umeenea Afrika Mashariki. Nchini Kenya, mathalan, kampuni ya Safaricom ilianzisha mwaka 2020 mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alilipa shilingi 20 za Kenya kwa siku baada ya kutoa kianzio. Mipango ya namna hii imewapatia simu watu ambao wasingeweza kutoa fedha zote kwa mara moja, na hiyo ni faida isiyokanika. Lakini simu za aina hii huwekewa programu inayoweza kuifunga simu pale malipo yanapokatika. Mtu anayetegemea simu kwa biashara yake, au kwa kupokea fedha kutoka kwa watoto wake, akumbuke kuwa siku atakayoshindwa kulipa ndiyo siku atakayoihitaji zaidi.

Tupige hesabu ya kufundishia. Simu inauzwa taslimu kwa shilingi 300,000. Kwa mkopo, kianzio ni shilingi 60,000, kisha shilingi 1,200 kwa siku kwa siku 300. Shilingi 1,200 ni pesa ndogo machoni. Lakini mara siku 300 ni shilingi 360,000, na pamoja na kianzio ni shilingi 420,000. Ziada ni shilingi 120,000, sawa na asilimia 40 ya bei ya taslimu. Pengine mnunuzi ataridhia, kwa kuwa hana njia nyengine. Kinachotakiwa ni aridhie akiwa anajua.

Waliopita chuoni wanakumbuka kwamba aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inahusu deni, na inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe mbele ya mashahidi. Masuala ya riba tunawaachia wanazuoni. Lakini hekima ya kuandika haina mzozo: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa kuzingatia maelezo yaliyotangulia, wasomaji wanashauriwa kama ifuatavyo:

1. Kabla ya kutia saini, uliza bei ya simu peke yake na bei ya huduma peke yake. Muuzaji asiyeweza kuzitenganisha hajakueleza bei.

2. Jumlisha malipo yote mpaka siku ya mwisho, kianzio na ada zikiwemo, kisha linganisha na bei ya taslimu. Usipime kwa malipo ya siku au ya mwezi.

3. Andika tarehe ya kumalizika mkataba pahala unapopaona kila siku. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, nenda ukaulize bei upya.

4. Uliza gharama ya kuondoka mapema, na iwapo bei inaweza kupanda ukiwa ndani ya mkataba. Jibu liwe la maandishi.

5. Ukiwa mteja wa miaka mingi, uliza waziwazi mteja mpya anapewa nini, nawe utake hicho hicho. Usione haya, kuuliza bei si kuomba.

6. Simu yako ikiwa bado nzima, usiibadilishe kwa sababu umeambiwa zamu yako imefika. Simu iliyokwisha kulipiwa ndiyo simu rahisi kuliko zote.

7. Kabla ya kupokea simu kutoka nchi za nje, muulize jamaa yako mambo mawili: deni lake limekwisha, na je, imefunguliwa kwa mitandao yote?

8. Watumishi wanaoshughulikia ankara za ofisi waweke daftari la laini zote, jina la anayetumia kila laini, na tarehe ya kuanza na ya kumalizika kila mkataba. Laini ambayo mtumiaji wake amestaafu au amehamishwa isiachwe ikilipiwa.

9. Ukiwa na malalamiko, yapeleke kwanza kwa kampuni inayokuhudumia na uhifadhi ushahidi wa kuyapeleka. Usiporidhika, yapeleke TCRA, ambayo ina ofisi hapa Zanzibar. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano kwa ajili ya kutetea maslahi ya watumiaji.

MASWALI YA KUJIPIMA

Walimu wa madarasa ya watu wazima na viongozi wa vikundi vya akiba na mikopo wanaweza kuyatumia maswali haya:

(i) Taja bei mbili zilizomo katika mkataba wa simu. Ni ipi yenye mwisho?

(ii) Simu ya taslimu shilingi 250,000 inauzwa kwa kianzio cha shilingi 50,000 na shilingi 10,000 kwa wiki kwa wiki 26. Ziada ni shilingi ngapi? (Jibu: 60,000.)

(iii) Kwa nini wateja wa AT&T walikasirika mwezi wa Juni 2009? Eleza hoja ya kila upande.

(iv) Haki ya kuhama na namba inamsaidiaje hata mteja ambaye hana nia ya kuhama?

HITIMISHO

Swali la mwisho ndilo kiini cha somo lote. Mteja anayejulikana kuwa anaweza kuondoka, hata kama haondoki, huhesabiwa. Mteja anayejulikana kuwa hatoondoka husahauliwa. Uaminifu ni sifa njema kati ya mtu na mtu. Kati ya mtu na kampuni, uaminifu hauna thamani mpaka uandikwe katika mkataba kwa tarakimu na tarehe.

Tunawaomba wasomaji wenye mikataba ya simu, iwe ya nyumbani au ya ofisini, waitoe makabatini leo hii, waitazame tarehe ya mwisho, na wahesabu miezi. Anayekuta kwamba tarehe imepita ajue kuwa ameshika jembe siku nyingi katika shamba lisilokuwa lake, na kwamba ruhusa ya kuliweka chini anayo mwenyewe.